Fundi Vioo wa Husby Aliyekataa Mabamba ya Chuma

Kila neno katika makala haya ni kweli tupu. Naapa kwa goti langu la kulia, lile la chuma nililowekewa na madaktari wa hapa Stockholm mwaka niliostaafu kuendesha basi. Kama nimeongeza chumvi hata punje moja, goti hilo na ligome kwenye ngazi za jengo letu, siku lifti imeharibika, nami naishi ghorofa ya sita.

Saa moja asubuhi, Heshima Byamungu anashusha kioo kutoka kwenye gari lake jeupe, nje ya ukumbi wa vijana wa Husby. Kioo ni kirefu kuliko yeye. Anakishika kwa vishikio viwili vya mpira vinavyokinyonya, anatembea ubavu ubavu kama kaa, na midomo yake haitulii. Ukimsogelea utasikia anaongea.

"Taratibu, mama. Taratibu. Tunafika."

"Unamwambia nani?" namuuliza.

"Kioo. Inasikia, Papa Eliud. Ukiiogopa, inajua."

Heshima ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Uvira, mashariki ya Kongo, na Kiswahili chake hakijawahi kuhama huko hata baada ya yeye kuzunguka nusu ya dunia. Namnukuu alivyo. Msomaji atazoea upesi kwamba kwake watu ni "batu".

Kwa wasiotufahamu, Husby ni mtaa wa maghorofa ya kupanga, kaskazini-magharibi mwa jiji, kwenye laini ya buluu ya treni. Hapa wanakaa wanaosafisha ofisi za Stockholm, wanaoogesha wazee wake na wanaoendesha mabasi yake. Walio mbali wanaujua mtaa huu kwa jambo moja tu: televisheni imewahi kuonyesha magari yakiwaka moto hapa. Yakishazimika, kamera hupanda treni zikarudi mjini.

Heshima anakisimamisha kioo kwenye fremu ya mbao, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Ameridhika. Anatoa mfukoni donge la puti, ule udongo laini wa kushikiza kioo kwenye fremu, analikanda kama unga wa chapati, kisha anaanza kulipaka ukingoni.

Ukitazama vizuri madirisha ya ukumbi ule, utaona kitu ambacho sijakiona mahali pengine popote. Kwenye puti iliyokauka, pembeni mwa vioo, kuna alama za madole gumba. Nyingine ndogo, nyingine pana, moja ina kovu.

Hiyo ndiyo sheria ya Heshima. Ukivunja kioo cha ukumbi, hupelekwi polisi, huhubiriwi, na mama yako hapigiwi simu. Unakuja mwenyewe, unasema ni mimi. Unashika upande wa pili wa kioo kipya mpaka kikae, halafu unabonyeza puti kwa dole gumba. Basi. Alama inabaki, nawe utapita mbele yake kila siku ya maisha yako ya Husby.

"Den där är min," ananiambia Michelle, msichana wa miaka kumi na saba, akinionyesha alama yake. Ile ni yangu. Nimemuuliza kwa Kiswahili, naye amejibu kwa Kiswidi, kama vijana wetu wote. "Nilirusha jiwe kwa hasira. Sasa nikimwona mtu ameokota jiwe hapa, namuuliza ana shida gani na dirisha langu."

Sheria hiyo Heshima hakuitoa Uvira wala Uswidi. Ilimzukia Amerika.

Kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, alipelekwa kwenye mji mmoja wa viwanda katika jimbo la Ohio. Jina la mji ameniomba nisilitaje, kwa kuwa bado ana ndugu pale. Alipata kazi ya useremala kwa mkandarasi wa manispaa, dola kumi na moja kwa saa. Kiangazi cha pili, polisi walimuua kijana mmoja wa mtaa wao, na watu wakaingia barabarani. Maduka yakavunjwa, mengine yakachomwa.

"Serikali ya kule haikulala," anasema Heshima. "Siku ya kwanza balileta amri, jua likizama kila mutu nyumbani. Siku ya pili balileta askari na magari kubwa. Siku ya tatu balileta mbao. Mbao ndiyo miye."

Aliziba duka la dawa. Akaziba chumba cha kinyozi, duka la mikate, na shule ya chekechea. Wenye mali waliambiwa ni kwa wiki mbili.

Kisha ikaundwa tume. Ilikaa kanisani, ikapanga vipaza sauti, ikawauliza wakazi shida zao. Wakazi wakasema: duka la dawa lifunguliwe, basi lipite tena, vijana wapate kazi. Heshima anayakumbuka yote hayo kwa sababu alitumwa kuziba madirisha ya kanisa lilelile, tume ikiwa bado ndani.

"Mutu moja wa tume alitoka akaniomba nipige musumari polepole," anasema, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko. "Banashindwa kusikia shida za batu."

Hamchafui mtu bure. Anasema serikali ile ilifungua pia mabwawa ya kuogelea, na kiangazi kimoja ikawapa vijana kazi ya kupanda miti na kupaka rangi madaraja, na kiangazi hicho mtaa ulitulia. Ila fungu la kazi hizo liliisha upesi. Fungu la mbao halikuisha.

Mwaka uliofuata ilitangazwa ziara ya mgeni mkubwa kutoka serikalini. Mbao zilikuwa zimepauka, zimejaa maandishi. Mji haukuleta vioo. Uliajiri wachoraji. Juu ya kila ubao wakachora dirisha, lenye pazia na chungu cha maua. Kwenye duka la dawa wakachora na paka, amekaa dirishani anajilamba.

Hapa najua msomaji anasema nimeanza mambo yangu. Hapana. Nimeonyeshwa picha. Paka ni wa rangi ya chungwa.

"Paka ya duka ya dawa ilikuwa muzuri sana," anasema Heshima. "Lakini dawa, hakuna." Kisha kicheko kinaisha. "Dirisha ikifungwa siku mingi, mutu wa ndani anasahau barabara. Na mutu wa barabara anasahau kwamba ndani kuna mutu. Vijana balianza kupita pale bila kugeuza kichwa. Hapo ndipo nilisema, siku nikipata nafasi, kioo ikivunjika, kioo inarudi. Na mwenye kuvunja ataishika na mikono yake, ajue uzito."

Uswidi ilimpata kwa njia ya mapenzi. Kambini alikuwa amemchumbia Emmanuella, binti wa Uvira mwenzake. Shirika la wakimbizi likampeleka yeye Ohio, na Emmanuella likamleta Stockholm. Wakaongea kwa simu miaka saba.

"Yeye akiamka, miye nalala," anasema Emmanuella, ambaye sasa anawahudumia wazee majumbani kule Spånga. "Nilisema, huyu mwanaume nikimuona ana kwa ana nitamushituka. Alipofika uwanja wa ndege alikuwa amebeba kioo ya kujitazama, zawadi. Imefika nzima. Nikasema basi, huyu anaweza kubeba na ndoa."

Majira ya kuchipua ya mwaka huu, magari mawili yaliungua kwenye maegesho nyuma ya ukumbi, na wiki hiyohiyo mawe yakapita madirishani. Kamati ya mtaa haikukawia. Ilinunua mabamba ya chuma ya kuziba madirisha yote ya ukumbi, yawe yamefungwa mwaka mzima, na vijana wakae ndani kwa taa. Kazi ya kuyafunga akapewa fundi anayelijua jengo: Heshima.

Ilikuwa kazi ya malipo mazuri kuliko vioo vyake vyote vya mwaka. Akaikataa.

"Nilimuuliza, bwana yangu, unakataa kazi juu ya kioo?" anasimulia Emmanuella. "Akasema hapana. Juu ya paka."

Alikwenda mbele ya kamati akiwa amevaa suti yake ya harusi. Wangari, Mkenya anayeuongoza ukumbi, alimtafsiria. Heshima alieleza habari za Ohio zote: amri, askari, mbao, tume na paka. Wajumbe walicheka alipofika kwa paka, kisha, anasema Wangari, chumba kikawa kimya kabisa.

"Mzee, nimekaa kwenye mikutano mingi ya Waswidi," Wangari aliniambia. "Huwa wananyamaza kwa adabu. Siku ile walinyamaza kwa kushikwa."

Afisa wa kamati, mama mmoja mtulivu aitwaye Rebecka, alisema mtaa hauwezi kuendeshwa kwa hadithi ya paka. Lakini akawapa muda. Madirisha yabaki wazi kiangazi chote, mpaka shule zifunguliwe Agosti. Kijana akivunja kioo hata kimoja, mabamba yanapanda na hayashuki.

Mabamba yakalazwa mbele ya ukumbi, yamefungwa kwa nailoni, kando ya uwanja wetu wa changarawe. Uwanja huo ni wa sisi wastaafu. Tunachezea hapo boule, mchezo wa kurusha mipira ya chuma, ambao mwandishi wa makala haya ndiye bingwa wake asiye na mpinzani kutoka Akalla, mwisho wa laini ya treni, hadi mjini.

Kiangazi kikaanza. Juni ikapita. Michelle na wenzake wakasogeza meza ya mchezo wa karata mpaka dirishani, ili kila apitaye awaone na wao wamwone. Julai ikapita. Heshima alikuwa akipita na gari lake kila siku, hashuki, anapunguza mwendo tu, anahesabu vioo kwa macho, anaondoka.

Ikabaki wiki moja. Alasiri ya Jumatano, kioo cha mbele, kikubwa hata kuliko kile nilichomwona Heshima akikisemesha, kikavunjika.

Mwandishi alikuwa pale na aliona kwa macho yake mawili. Mvunjaji alikuwa shakwe, ndege wa baharini, mkubwa kama bata mzinga. Alikuwa ametoka kumpora mtu samaki wa kukaanga kule sokoni, samaki akamzidi uzito, mabawa yakashindwa kumpandisha. Akaja moja kwa moja, mdomo mbele. Kishindo! Akaingia, akatafakari kosa lake, akatokea kwenye tundu lilelile. Akajikung'uta vipande, akauacha mtaa kwa miguu, akichechemea kuelekea treni, samaki bado mdomoni. Hakuna aliyemdai tiketi.

Rebecka alifika kabla ya jioni. Nilimweleza yote.

"Ndege?" akauliza.

"Ndege."

"Yuko wapi sasa?"

"Amepanda treni."

Aligeuka akatazama upande wa stesheni. Wangari alimwambia kwamba vijana wote walikuwa ziwani wakiogelea. Michelle, nywele zikiwa bado zinachuruzika maji, alisema hivyohivyo, na sauti yake ikakatika katikati. Rebecka akasema, kwa upole kweli, kwamba angependa sana kuamini. Lakini kamati ilikuwa imesema ilichosema. Jumatatu asubuhi mafundi wangekuja na mabamba yangepanda.

Heshima alikuwa ndani akifagia vipande. Aliinama akapitisha ufagio mpaka chini ya kochi.

Hapo ndipo makala haya yalipoishia nilipoyapeleka nyumbani kwake Jumapili kumsomea. Huwa namsomea kila mtu ninayemwandika. Nilikuwa nimemalizia kwa aya ya huzuni nzuri sana kuhusu mabamba.

Emmanuella alikuwa amepika bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu. Nilisoma nikiwa nimesimama, kwa sauti ya redio. Kwenye paka walicheka wote wawili. Kwenye simu za miaka saba Emmanuella alifuta macho. Nikafika kwa shakwe, nikampandisha na kumshusha kwa mkono, na hakuna aliyecheka.

"Papa Eliud," akasema Emmanuella, "huyu ndege alikuwa na jina?"

Heshima akainuka, akaenda jikoni. Alirudi na sahani. Juu ya sahani kulikuwa na mpira mmoja wa chuma, wenye duara la rangi ya buluu.

"Ndege yako alitaga," akasema. "Nilikuta yai chini ya kochi."

"Mipira ya chuma iko mingi Husby," nikasema.

"Yenye rangi ya basi?" akauliza Emmanuella.

Rangi ile niliipaka mwenyewe, kwa kukumbuka basi langu. Mtaa mzima unajua. Jumatano ile nilikuwa nimebaki peke yangu uwanjani, nikijaribu mrusho wa nyuma ya mgongo ambao nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba naumudu.

"Ulijua tangu siku ileile," nikamwambia.

"Siku ileile."

"Mbona hukumwambia Rebecka?"

"Kioo inasemwa na mwenye kuivunja," akasema Heshima. "Ndiyo sheria. Vijana banaifuata. Nilisema, Papa Eliud ni mutu muzima, nimupe siku mbili tatu, atakuja mwenyewe. Nikaona unakuja na shakwe."

"Niliwakinga vijana, Heshima. Ndege si kijana."

"Ulijikinga weye. Michelle alilia."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, ingekuwaje kama ningenyamaza.

"Kesho mabamba ingepanda," akasema. "Na miye ningechukua rangi, ningechora shakwe juu yake. Na samaki."

Jumatatu asubuhi mafundi wawili walikuwa tayari na mashine zao za kutobolea ukuta. Bamba la kwanza lilikuwa limekwisha vuliwa nailoni. Vijana walikuwa wamesimama mbali kidogo, kama watu kwenye msiba wa jirani. Nilikwenda mpaka kwa Rebecka, nikauweka mpira mkononi mwake.

"Ni mimi," nikasema. "Hapakuwa na ndege."

Aliugeuza geuza. "Una miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

"Kamati iliandika kijana," akasema, kama anayejisemea.

Michelle akacheka wa kwanza, kwa nguvu, mkono mdomoni. Wangari akafuata. Rebecka akageuka pembeni, akapiga simu, akaongea kwa muda, na mara mbili nilisikia neno la Kiswidi la mstaafu. Aliporudi, aliwaambia mafundi wazime mashine. Madirisha ya ukumbi yangebaki wazi.

"Lakini mabamba yameshanunuliwa," akaongeza. Akautazama ukumbi, akautazama uwanja wetu wa changarawe, akaupima umbali kwa macho. Kisha akanitazama mimi.

Basi kazi ile Heshima ameifanya mwishowe, na amelipwa. Mabamba yamesimama sasa kuuzunguka uwanja wa boule, kimo cha kifua, tunachezea humo ndani kama mbuzi zizini. Wenzangu hawajanisemesha vizuri hadi leo. Katika mambo yote ambayo serikali za miji, za kule na za huku, zimewahi kufanya kutuliza vurugu, sijasikia nyingine iliyowazungushia chuma wastaafu, na Wangari anasema ndiyo hatua ya kwanza ya kamati iliyomkamata mhusika.

Heshima sasa ana jambo moja analolitaka. Upande wa mashariki wa ukumbi kuna dirisha lililozibwa kwa mbao tangu kabla hajafika Uswidi. Anataka kulifungua na kulitia kioo kabla theluji haijaanguka. Wangari ameiomba kamati, na Rebecka amesema safari hii haoni sababu ya kukataa. Kazi hiyo Heshima hataifanya peke yake. Michelle na wengine wanne wamejiandikisha kujifunza kwake kukata kioo na kupaka puti, Jumamosi, kwa malipo.

"Mbao nimepiga za kutosha katika maisha yangu," anasema. "Hii moja nataka kuitoa. Nitaitoa polepole, nisikie kila musumari inatoka."

Kioo kikubwa cha mbele kilitiwa Jumanne. Nilishika upande wa pili. Msomaji asidhani ni jambo dogo. Nilikiogopa, na kioo nacho kilijua.

"Taratibu, papa," akasema Heshima, na safari hii hakuwa akikiambia kioo. "Taratibu. Tunafika."

Kilipokaa, akapaka puti, akasogea kando. Vijana walikuwa wamejipanga. Nikaweka dole gumba.

"Hårdare, farbror," akasema Michelle nyuma yangu. Kwa nguvu zaidi, mzee.

Nikabonyeza. Alama yangu iko kulia, chini, karibu na yake.

Niliomba nikifute kiapo cha mwanzo wa makala haya, na shakwe pia. Heshima alikataa. "Acha hivyo," akasema. "Batu baone."

Nilirudi nyumbani saa sita mchana. Lifti ilikuwa imeharibika. Goti lilinifikisha ghorofa ya pili, likagoma, nami nikakaa kwenye ngazi, puti ikiwa bado kwenye ukucha.